Toazi Halizeeki kwa Kuzikwa

Nilikuwa Lanet mwishoni mwa juma, nyumbani kwa rafiki yangu ambaye tulifanya naye kazi ya magazeti miaka mingi kabla hajastaafu na kujijengea huko nje kidogo ya mji wa Nakuru. Jumapili alasiri tumekaa barazani tunakunywa chai, mara nikamwona mwanawe akipita uani, jembe begani, na kwapani amebana toazi la shaba kubwa kama sinia ya pilau. Akaelekea zizini. Nikamuuliza mwenyeji wangu, "Bwana we, huyu kijana anakwenda kulima au anakwenda kupiga beni?" Rafiki yangu akatikisa kichwa, akaniambia, "Nenda ukajionee mwenyewe. Mimi nimeshachoka kuuliza."

Nikaenda. Nikamkuta kijana anachimba shimo kando ya lundo la samadi, ng'ombe anamtazama.

"Nataka kuzika hii, mzee," akanijibu nilipomuuliza. "Iko na kelele mingi. Nataka ikuwe na sauti ya giza, sauti ya joto."

(Sisi wa Pwani tukisikia "iko na kelele mingi" hukunja uso, lakini Kiswahili cha kijana wa Nakuru nacho kina wenyewe, na siku hiyo sikwenda zizini kusahihisha sarufi.)

Kijana huyu ndiye mpiga dramu wa kanisa lao. Katika simu yake aliona mpigaji mmoja wa ng'ambo akizika matoazi mapya ardhini, kisha akiyafukua baada ya miezi yakiwa yamefanya kutu ya kijani na weusi, na kusema kwamba sasa yanalia kama yale ya wazee wa jazi. Naye akafanya hivyo hivyo. Toazi alilokuwa nalo mkononi lilikuwa la pili. La kwanza alilipaka chumvi na siki, akalizika katika samadi miezi miwili, akalifukua, akaenda nalo kanisani. Jumapili ya pili likapasuka. Alinionyesha: ufa umeanzia ukingoni ukaingia ndani urefu wa kidole cha shahada, na ulipopita umepindapinda kama mto kwenye ramani.

Nikamuuliza nani aliyenunua matoazi hayo. Akainamisha kichwa. Ni akina mama wa kanisa, kwa mchango. Wengine walitoa pesa, wengine waliuza mayai na maziwa ya jioni. Na mama mshika fedha alikuwa bado hajaambiwa.

Basi hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonikalisha kuandika. Mimi si mpiga dramu. Lakini nimelelewa katika matari ya maulidi na upatu wa ngoma za harusi, na tangu utotoni nimezoea kusikiliza ala kabla ya kusikiliza anayeisifu. Ninasema kwamba hii rai ya kuzeesha matoazi kwa udongo, chumvi, siki na moto ni rai potofu, na inawala watu wasiokuwa na cha kuliwa.

Kwanza tulielewe ombi lenyewe, maana kijana hakuomba jambo la kipuuzi. Wapiga dramu wana msamiati wao: husema sauti angavu na sauti ya giza, sauti baridi na sauti ya joto. Sisi tungesema kali na nene, kavu na nyororo. Toazi angavu ukiligonga, zile sauti nyembamba za juu hutangulia na kukuchoma sikio. Lenye giza hukupa kwanza sauti za chini, nzito, na zile za juu huja nyuma kwa adabu. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba katika kusoma Kurani ziko herufi za kutiliwa uzito na ziko za kupunguziwa, na akatuchapa vizuri tulipochanganya. Lakini uzito huo hautoki katika uzee wa msomaji. Mtoto wa miaka saba huweza kuutoa, na mzee wa sabini huweza kuukosa, kwa sababu unatoka pale ulimi unapowekwa. Nitadai kwamba toazi nalo ni hivyo hivyo.

Tazama yatokako. Jina linaloheshimiwa kuliko yote katika sanaa hii ni Zildjian, ukoo wa Waarmenia wa Istanbul. Kampuni yao huhesabu kuanzishwa kwake tangu mwaka 1623. Jina lenyewe ni la Kituruki na Kiarmenia, maana yake mwana wa mfua matoazi. Wateja wao wakubwa wa zamani walikuwa askari wa Masultani wa Uthmaniya, waliokwenda vitani na bendi iliyojaa ngoma, zumari na matoazi. Wazungu walipigana na bendi hiyo, wakaiogopa, kisha wakaiiga. Katika karne ya 18 majeshi ya Ulaya yakawa na "muziki wa Kituruki", hata Mozart akautia matoazi yake katika opera yake ya mwaka 1782 huko Vienna, ile inayosimulia kasri ya pasha. Kutoka kwenye bendi za majeshi ya Ulaya yakaja kwetu. Watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wakicheza beni tangu miaka ya 1890, wakiiga gwaride na bendi za Kizungu, na King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902 bendi za jeshi zikapata makao bara.

Lanet inajulikana zaidi kwa kambi yake ya jeshi. Huko ndiko askari wa Kenya Rifles walikoasi Januari 1964, na ndiko kilipo Chuo cha Kijeshi cha Kenya, ambako maofisa wapya hufuzu mbele ya amiri jeshi mkuu kwa gwaride na bendi. Kwa hiyo kijana yule anapolizika toazi lake Lanet analizika katika ardhi iliyokwisha kusikia matoazi mengi. Na angalia kichekesho: askari wa bendi hulisugua toazi lake mpaka ujione sura ndani yake, na kijana jirani yao anataka lake liote kutu. Askari hakosei, kwani yeye hupiga uwanjani, mbele ya upepo, na sauti angavu humfikia mtu wa mwisho. Sauti nene ingemezwa na nyasi.

Sasa turudi Istanbul, maana huko ndiko fitina hii ilikoanzia. Yako matoazi ya zamani yaliyofuliwa kwa mkono katika mji huo, yenye herufi K, ya jina la Kerope wa ukoo ule ule. Wapigaji wakubwa wa jazi wa Marekani, akina Art Blakey, Elvin Jones na Tony Williams, waliyapenda mno kwa unene wa sauti yake. Leo mengine yana umri wa nusu karne na zaidi, meusi, yamejaa uchafu wa miaka, na yanauzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Vijana wakayatazama wakasema: ni ya zamani, ni meusi, yana sauti nzuri, basi weusi na uzamani ndivyo vilivyoleta sauti. Hii ni hoja ya mtu aliyesikia jogoo akiwika na jua likachomoza, akaenda kununua jogoo ili apate asubuhi mbili.

Matoazi yale yalikuwa na sauti nene tangu yalipotoka kwa fundi. Madini yake ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 80 kwa 100 na bati sehemu 20. Huo ndio mchanganyiko wa kengele, mgumu na mkaidi. Hutiwa motoni hadi uwe mwekundu, ukatandazwa, kisha ukazamishwa majini ghafla. Na hapa pana ajabu: chuma ukikizamisha majini kikiwa chekundu huwa kigumu, lakini mchanganyiko huu hulainika ukakubali nyundo. Ndipo fundi anapoketi nao na kuupiga nyundo kwa mamia, bila kufuata mstari, hapa nzito hapa nyepesi, kisha huukereza uso wake hadi upate mifereji myembamba na unene anaoutaka. Toazi likiwa jembamba, sauti hushuka. Nyundo zikiwa hazilingani, sauti hutawanyika na kuwa na mchanganyiko ule wanaouita giza. Tena fundi huliacha likae kabla ya kulimaliza, madini yatulie. Hapo ndipo penye uzee wa kweli, na unatokea katika karakana.

Miaka haifanyi lolote, basi? Inafanya, ila kidogo. Vijiti vya miaka mingi hulegeza ukaidi wa shaba, na uchafu ukiingia katika ile mifereji humeza sehemu ya sauti za juu. Lakini lipo jambo wanaopenda vya kale husahau kulihesabu. Matoazi mabaya ya zamani hayapo tena. Yalipasuka, yakatupwa, yakayeyushwa. Yaliyobaki ni yale mazuri, ambayo wenyewe waliyatunza, nasi tunayaona tunadhani kila kilichofuliwa zamani kilikuwa kizuri. Hata mashairi ni hivyo. Wangapi walitunga zama za Muyaka, na wangapi tunawakumbuka?

Toazi la kijana wa Lanet halikuwa la Istanbul wala la shaba na bati. Nilipolisugua kwa kitambaa lilitoa rangi ya manjano ya bakuli la sokoni. Hilo ni shaba iliyochanganywa na zinki, ikakatwa katika bamba na kukandamizwa kwa mashine, aina wanayouziwa wanaoanza. Na shaba ya zinki ina adui mmoja ambaye kijana alimkaribisha mwenyewe: amonia, ile harufu inayochoma pua ukiingia zizini asubuhi.

Jambo hili linajulikana zamani. Waingereza walipokuwa India waliona maganda ya risasi zao, ambayo ni ya shaba ya zinki, yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika, bila kuguswa na mtu. Walihangaika miaka mingi, hadi mwaka 1921 wataalamu wao walipoeleza sababu: risasi ziliwekwa karibu na mazizi ya farasi, mkojo wa farasi ukatoa amonia, na amonia ikikutana na unyevu huipasua shaba ya namna hiyo ikiwa imekandamizwa na bado ina mkazo ndani yake. Toazi la mashine limejaa mkazo ndani. Likitiwa katika samadi mbichi miezi miwili, kisha likatundikwa na kupigwa kwa nguvu za kijana wa miaka ishirini na mbili, litapasuka. Chumvi na siki zilimsaidia kulila uso tu. Samadi ndiyo iliyolimaliza.

Kijana akanambia kwamba kama si samadi, basi angelijaribu jikoni juu ya makaa, maana amesikia moto nao huleta giza. Nikamwambia, mwanangu, hata mimi nimekulia kwenye moto. Usiku wa maulidi tulikuwa tukiwasha karatasi na makuti na kuyapasha matari mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Lakini ngozi ni ngozi. Lile toazi zuri la shaba na bati ukilipasha hadi liwe jekundu kisha ukaliacha lipoe polepole hewani, unalirudisha kwenye ukaidi wake wa asili, nalo huvunjika kama kigae. Moto wa fundi una maji yake, na makaa ya jikoni hayana.

Niongeze la uchungu kidogo. Sisi watu wa Pwani ujanja huu wa kuzeesha tunaujua, na hatuna haki ya kuwacheka wengine. Yako masanduku ya mninga yaliyotengenezwa mwaka huu, yakapakwa chai na tope, yakapigwa misumari yenye kutu, yakauzwa kwa watalii kuwa ni ya mababu. Mnunuzi hupata sanduku, lakini babu hayumo. Lile la kweli huwezi kulichanganya na la uongo ukilifungua: bawaba zimelika pale mkono ulipopita, si kila mahali sawasawa. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyomo katika makumbusho ya mji ule pamoja na ile ya pembe ya Pate, haikuzikwa na mtu ili ipendeze. Ilipulizwa na watu katika siku za fahari zao, na mikono yao ndiyo iliyoing'arisha hapa na kuififiza pale.

Lugha yetu imekwisha kutofautisha mambo haya. Embe hukomaa, nguo huchakaa. Zote mbili zimepitiwa na siku, lakini hakuna aliyekwenda sokoni kutafuta embe lililochakaa. Kijana alitaka toazi lililokomaa, akalichakaza.

Na Lanet kwa vitu vya kale vya kweli haina njaa. Mwaka 1957 mtaalamu wa mambo ya kale, Merrick Posnansky, alichimba hapo mojawapo ya yale mashimo ya Wasirikwa waliofuga ng'ombe katika Bonde la Ufa, akapata vigae vya vyungu vilivyonakshiwa kwa kamba iliyosokotwa, na hata leo wataalamu huita namna hiyo ya vyungu kwa jina la Lanet. Hakuna mama wa Kisirikwa aliyezika chungu chake ili kipate heshima. Alipikia, kikavunjika, akakitupa.

Haya, tumeshalaumu vya kutosha. Kijana afanye nini na Jumapili inakuja? Nilikwenda naye kuliona kanisa. Paa ni la mabati matupu, kuta ni za mawe, sakafu ni saruji, madirisha hayana hata pazia. Nikapiga kofi moja, likanirudia mara nne. Katika chumba kama hicho hata toazi la Istanbul lingepiga kelele, na akina mama wanaokaa safu ya mbele ndio wanaoumia, wale wale waliolinunua. Tiba ya kwanza ya sauti ile ni mikeka na mapazia. Ya pili ni vijiti vyembamba, na mkono unaolipitia toazi kwa ubavu badala ya kulitwanga kwa ncha. Ya tatu ni kulegeza ile nati ya juu, aliyokuwa ameikaza kama tairi la matatu, na kurudisha kile kipande cha sufi kilichopotea, ili toazi liyumbe kwenye mti wake. Toazi lililobanwa hulia kwa kukabwa, tena hupasuka upesi. Ya nne haigharimu hata nauli: ukanda mdogo wa gundi chini ya toazi, karibu na ukingo, humeza zile sauti za juu. Usipopendeza unabanduliwa, na shaba iko palepale.

La kupasuka nalo lina dawa. Fundi wa jua kali mjini Nakuru hutoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, nao husimama. Si milele, lakini kwa miezi.

Na huyo fundi wa jua kali ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko yeyote katika habari hii. Kila mji wetu una watu wanaopiga nyundo juu ya bamba kutwa nzima: majiko, sufuria, masanduku ya shule. Mikono ipo. Na madini? Shaba nyekundu iko Katanga, bati liko Kivu na Rwanda. Hizo ndizo sehemu 80 na hizo 20, nazo hupita katika barabara na bandari zetu kwenda ng'ambo. Istanbul, pale ukoo wa Zildjian ulipohamishia kazi yake Marekani, mafundi wawili waliojifunza katika karakana yao, Agop na Mehmet, walifungua ya kwao katika miaka ya 1980, na leo majina yao yote mawili yamo katika matoazi ya dunia. Walikuwa wafua shaba, si matajiri. Shule zetu za ufundi zingemtuma kijana mmoja tu akakae na mafundi wa namna ile miaka mitatu, tungekuwa na wa kumuuliza, badala ya kuuliza samadi. Badala yake tunaletewa bamba la manjano lililokandamizwa, akina mama wanauza mayai walinunue, na kijana anaambiwa na mgeni katika simu kwamba dosari iliyomo ni upya wake.

Jioni ile kijana alikwenda kwa mama mshika fedha akamweleza yote, mimi na baba yake tukiwa nyuma yake kama mashahidi wa ndoa. Mama alilishika toazi lenye ufa, akaligeuza, akalinusa, akauliza kama harufu hiyo itatoka. Kisha akauliza lile la pili liko wapi. Kijana akasema liko nyumbani, zima. "Liletwe hapa leo hii," akasema mama, "nami nitakaa nalo chumbani mwangu mpaka Jumapili."

Jumatatu asubuhi nilipokuwa nikingoja gari la Nairobi nilipita zizini kumuaga ng'ombe. Shimo lilikuwa limekwisha fukiwa, naye amelala juu yake, anacheua.